Mgeni Huyu Nani Anaye?

Harufu ya mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta, kwa watu wengi ni harufu ya chakula cha ng'ombe. Kwangu mimi ni harufu ya kanisa. Kanisa letu dogo la Anglikana, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka barabara ya Iguguno, lilikuwa hatua chache tu kutoka mashine ya kukamulia alizeti. Katika miezi ile ya baridi baada ya mavuno, upepo wa Singida ulipovuma bila adabu, harufu hiyo iliingia kwenye madirisha yasiyo na vioo wala mbao, ikakaa nasi kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka. Viti vilikuwa matofali yaliyopangwa na kusiribwa udongo, na ubaridi wake ulipenya gauni mpaka mifupani. Kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mgunga. Mchungaji alikuja kwa pikipiki mara moja kwa mwezi kwa sababu alikuwa na makanisa mengine ya kuzungukia, na Jumapili zilizobaki ibada iliongozwa na katekista. Tukijaa sana tulikuwa watu arobaini, pamoja na watoto wa mgongoni.

Mimi na mama hatukuwa wenyeji wa pale. Tulitoka Manyoni, ambako baba alikuwa kibarua wa reli, na alipofariki ndugu zake walimwambia mama kwamba nyumba ni ya ukoo na yeye si wa ukoo. Mama akapata kazi ya kujaza mashudu kwenye magunia, na mwenye mashine akatupa chumba kimoja nyuma ya stoo. Nilikuwa na miaka minane. Mama niliyemjua Manyoni alicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini; huyu wa mashineni alikuwa na maneno ya kuhesabika. Aliniambia nisimtajie mtu yeyote tulikotoka. "Ukitaja ulikotoka, watakuuliza kwa nini hukubaki," alisema.

Sasa kanisa lile lilikuwa na desturi yake, ambayo sijaikuta kwingine. Matangazo yakiisha, katibu wa kanisa, Mzee Msengi, aliwaomba wageni wasimame, wataje majina na walikotoka. Mgeni akishajitaja hakukaa. Alibaki amesimama, naye Mzee Msengi akauliza kwa sauti, "Mgeni huyu nani anaye?" Lazima mtu mmoja ajibu, "Ninaye!" Maana yake, huyu leo anakula kwangu. Hapo mgeni alipigiwa makofi ya kilo, akakaa, na baada ya ibada kanisa zima lilimsindikiza kwa nyimbo mpaka mlangoni kwa mwenyeji wake. Njiani kila mmoja alipita kwake akachukua alichonacho, yai, kibaba cha unga wa uwele, fungu la mlenda, ili mzigo usimwelemee mwenye nyumba. Nilipenda sana neno lile, ninaye. Nililisema peke yangu nikichota maji, nikimwambia kuku, nikiliambia gunia.

Lakini mama hakusimama. Jumapili ya kwanza Mzee Msengi aliposema, "Kama tuna mgeni asimame tumwone," mama alilishika gauni langu kwa nyuma akalikaza. Watu arobaini walijua fika kwamba sisi ni wageni, hata mbuzi waliokuwa nje nadhani walijua. Mzee Msengi alisubiri, akakohoa, akatazama mabati ya paa, akatazama mlango, akatazama kila mahali isipokuwa tulipokaa, kisha akaendelea. Ikawa hivyo Jumapili ya pili, ya tatu, ya nne. Siku hizi najua kwamba yule mzee alikuwa akituheshimu. Wakati ule niliona tumesahauliwa, na niliona uchungu. Nyumbani nilimuuliza mama kwa nini hasimami, akajibu akiwa amenipa mgongo, "Nikisimama halafu asijibu mtu, nitakaaje?"

Jumapili ya tano alikuja mrina asali kutoka Rungwa, mtu mrefu mwenye koti lililonuka moshi. Alijitaja tu, na kabla Mzee Msengi hajamaliza swali lake, watu watatu walikuwa wameshaita "Ninaye!" mpaka wakabishana kwa kicheko. Nilimtazama yule mtu akikaa huku amejaa furaha, na roho yangu ikashindwa. Nilijivuta kwa nguvu, gauni likamponyoka mama, nikasimama.

"Naitwa Naomi," nikasema. "Natokea kwenye mashudu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Msengi alikunja karatasi yake ya matangazo, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tulipofika, akauliza kama alivyomuuliza yule mrina asali, "Mgeni huyu nani anaye?"

Kimya. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba desturi haikuruhusu mtu kumchukua mtoto kabla mama yake hajasemewa "ninaye", kwa hiyo kila mtu alikuwa akimtazama mama, akingoja naye asimame. Sisi hatukulijua hilo. Mimi nilisikia kimya tu, na mabati yakigongana kwa upepo. Ndipo nyuma yangu nikasikia sauti ya mama, kali, ile sauti yake ya Manyoni.

"Ninaye mimi!"

Alikuwa amesimama, kanga imemdondoka begani, machozi yanamtoka na hayafuti. Alidhani wamenikataa. Alitaka tu kusema huyu ni mtoto wangu, msimwache wima hivyo. Lakini alikuwa amelitamka neno, na kanisani pale neno lile lilikuwa na kazi moja tu. Mzee Msengi aligeuka taratibu kwa waumini wote.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Aliyesema ninaye ni mwenyeji. Leo tunamsindikiza Naomi kwa mama Naomi."

Makofi yaliyopigwa siku ile bado nayasikia. Mama alijaribu kueleza kwamba amekosea, kwamba chumbani kuna unga wa kutosha watu wawili na chumvi, lakini nani angemsikia katika nyimbo zile? Walitusindikiza hatua chache zile kutoka kanisani mpaka nyuma ya stoo, wakaona njia ni fupi mno kwa wimbo, wakazunguka mashine mara mbili ili wimbo uishe vizuri. Bibi Nakei, mkongwe kuliko wote, alikuja na jogoo kwapani na kuuliza jiko liko wapi, kana kwamba kila siku anapika kwetu. Tulikula tumekaa juu ya magunia ya mashudu, na yule mrina asali akahamishiwa kwetu pamoja na asali yake. Hakuna aliyemuuliza mama alikotoka. Alitaja mwenyewe, wakati wa kuosha vyombo, kwa Bibi Nakei, na bibi akasema tu, "Haya, lete sufuria lile." Jioni mama alicheka kitu, sikumbuki nini, na nikajua tumefika.

Nimeishi na kusoma mahali pengi tangu hapo, na kila nikiwakumbuka wale watu nawastaajabia. Hawakuwa na vioo vya madirisha, lakini walikuwa na sheria kwamba mgeni hakai mpaka apate mtu.

Sasa nafanya kazi Dodoma, na mama, ambaye magoti yamemchosha, anaishi nami. Tunasali kanisa kubwa lenye vipaza sauti na skrini. Mwezi uliopita wageni waliombwa wasimame. Alisimama binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, akasema anatoka Mkalama. Mtangazaji akamwambia karibu sana, kuna soda ukumbini, na akafungua karatasi ya tangazo linalofuata. Binti alikuwa bado amesimama.

"Ninaye!" mama akaita.

Watu mia kadhaa waligeuka. Mtangazaji aliuliza kwenye kipaza sauti kama huyo ni ndugu yake. Nilipata aibu, siwezi kuficha, na nilipotazama chini niliona mkono wangu umeishika kanga ya mama kwa nyuma, umeikaza. Niliiachia. Nikasimama kando yake.

"Tunaye," nikasema.

Binti akakaa, akitabasamu kama mtu aliyetua mzigo. Baada ya ibada tulitembea watatu mpaka nyumbani, mama katikati, ametushika mikono, akimuuliza binti habari za mvua ya Mkalama. Tulipofika getini aligeuka akaitazama barabara tuliyotoka, nyeupe kwa jua, haina mtu.

"Wenzetu wako wapi?" aliuliza.