Fundi wa Friji na Noeli ya Watu Watatu

Jumanne asubuhi mdogo wa rafiki yangu mmoja alinipigia simu kutoka Kibenga kuniambia kwamba yaya amefariki. Yaya ndivyo watu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, wanavyomwita ndugu mkubwa, na kwa karibu miaka ishirini niliyomfahamu marehemu sikuwahi kusikia mdogo wake akimwita vinginevyo, hata walipokuwa wamekosana. Ni moyo, alisema. Alikunywa chai, akalalamika kwamba anasikia joto, na mkewe alipogeuka kutoka kufungua dirisha alimkuta ameshakwenda. Wasomaji wangu hamtamjua. Alikuwa fundi wa friji, mwenye karakana ya mlango mmoja hapa kwetu Buyenzi na nyumba ya kupanga kule Mutanga Nord. Jina lake silitaji, kama ilivyo desturi ya safu hii, na naamini yeye mwenyewe angeona ajabu kuliona gazetini.

Tulikutana kwa sababu ya friji, lakini nilianza kumheshimu kwa sababu ya samaki. Mama mmoja mwenye mgahawa ufukweni Kajaga alikuwa amemwita baada ya umeme kukatika siku mbili na friji lake la kugandishia kugoma kuwaka uliporudi. Nilikwenda naye kwa kuwa nilikuwa na shughuli upande huo. Alifanya kazi mpaka alasiri, mashine ikaunguruma, mama akafurahi. Kisha fundi akafungua kifuniko, akabonyeza sangala mmoja kwa kidole gumba. "Mama, friji imepona," alisema. "Samaki, apana." Yule mama akamwambia samaki hanuki. "Hanuki bado," akajibu. "Mi singekula, na siwezi kukuambia upatie bantu." Mama akashika kiuno: "We ni fundi wa friji ao wa samaki?" Mwishowe aliwatupa samaki wote huku machozi yakimtoka, na hakumwita tena, aliwaambia watu kwamba fundi yule alimtia hasara. Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza kama hajutii. Alisema, "Hii kazi iko vile. Kitu yenye haikutokea haina shahidi."

Nayasimulia haya kwanza ili muelewe alichokifanya mwaka ule wa korona. Mtakumbuka kwamba kwetu hapa hakuna aliyetufungia majumbani. Makanisa yalisali, misikiti ilisali, soko liliendelea. Tuliambiwa tunawe mikono na tusibanane, na mpaka wa Gatumba, wa kwenda Uvira, ukafungwa, basi. Mambo mengine yote yaliachwa kwenye kizingiti cha kila nyumba: nani aingie, nani asiingie, nani apewe mkono. Mimi nilifanya karamu ya Idi kama kawaida, tukakaa watu ishirini kwenye jamvi moja, na hatukuugua. Siandiki haya kama mtu aliyekuwa na busara.

Yeye kila Noeli alikuwa akikusanya ukoo mzima nyumbani kwake. Sababu ilikuwa moja: mama yao alikuwa akiishi naye. Bibi alikuwa amevuka miaka themanini, mdogo wa umbo, mwenye ugonjwa wa kifua uliomfanya alale ameegemea mito mitatu. Siku hiyo mdogo wake alikuwa akija kutoka Kibenga na watoto wake saba, dada yao akavuka kutoka Uvira na wake, wakaja wajomba na mashemeji, na sisi majirani wa Buyenzi tukaalikwa tule mbuzi aliyechinjwa na Mwislamu ili tusipate kisingizio. Nyumba ilijaa hata watoto wakawa wanakula kwenye ngazi.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili nilikuwa karakanani kwake mdogo wake alipoingia. Alikuwa ameshasikia uamuzi kwa simu na hakuamini.

"Yaya, kweli unataka kufunga Noeli?"

"Noeli mi siwezi kuifunga. Nafunga mulango yangu tu."

"Bantu banaenda kusali église kila siku ya Mungu. Soko imejaa. We peke yako ndiyo unaogopa?"

"Mi siogopi juu yangu. Naogopa kifua ya Mama."

Mdogo wake alisogeza kiti asikae. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, mfanyabiashara wa mbao, lakini maneno yaliyofuata aliyasema polepole. "Mama ni muzee. Akikufa mwaka kesho na hakuona batoto bake, utasema nini?"

Fundi aliweka chini bisibisi. "Nitasema nilikosea. Lakini akikufa mwezi wa kwanza sababu tulikuja bote kumushika mukono, mi na we tutasema nini?"

Wakati huohuo simu ililia, dada yao kutoka Uvira, akisema mpaka umefungwa lakini kuna watu wanaovuka mto Rusizi kwa miguu pale maji yanapopungua, naye yuko tayari. Hapo ndugu wawili walikubaliana kwa mara pekee siku hiyo. Wote walimkataza kwa sauti moja, kwa sababu ya viboko na kwa sababu ya askari. Simu ilipokatika, mdogo akaondoka bila kuaga. Mimi ndiye niliyeuliza swali ambalo lilikuwa mbele yetu wote: "Je, Mama mwenyewe umemwuliza?" Fundi alinitazama kama mtu aliyeambiwa ameacha jiko linawaka. Hakuwa amemwuliza.

Alimwuliza jioni ileile, na asubuhi akaja kunisimulia. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, habari za pumzi na mikono na watu wengi chumbani, na ya kuwasalimia wanawe kwa simu, halafu akasema: "Ulisha kuamua, ndiyo unakuja kuniuliza?" Kisha akaongeza: "Mi nilizaa batoto batatu. Sikuzaa simu." Akageukia ukutani.

Tangu hapo alitafuta njia ya katikati. Alipendekeza kila nyumba ije siku yake, wakae uani kwenye viti vilivyotengana, wavae barakoa, wamwone Mama barazani, waongee, waondoke, wasile pamoja. Binafsi niliona ni mpango mzuri. Lakini ulikuja umechelewa, baada ya neno la kufunga mlango kuzunguka ukoo mzima, na mdogo wake alikuwa ameshaumia. Alituma ujumbe wa sauti ambao fundi alinisikilizisha mara mbili: "Mama iko prizo kama mufungwa? Tunapewa saa ya visite?" Akatangaza kwamba Noeli ya ukoo itakuwa kwake Kibenga, na wengi wakaenda huko.

Siku ya Noeli nilipita Mutanga Nord mchana. Walikuwa watu watatu: yeye, mkewe na mama yake. Alinipokea langoni, akaniwekea kiti hatua chache kutoka barazani. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu na kufunga kilemba, na sahani ya wali na nyama ilikuwa mbele yake haijaguswa. Mkewe alinong'ona kwamba hajala tangu asubuhi. Tulikaa tukizungumza habari za mvua. Kisha fundi akapiga simu ya video Kibenga, akampa mama yake. Kelele za watoto zilijaa uani. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akaikazia macho, akasema, "Naona mapua tu," na mwanawe wa Kibenga akacheka na kuisogeza mbali, akaizungusha kwa wajukuu mmoja mmoja. Bibi akawa anawataja majina na kuwauliza wamekula nini. Kwa dakika kama kumi alikuwa mtu mwingine. Halafu fundi akapita nyuma yake kuchukua maji, mdogo wake akamwona kwenye kioo, uso ukabadilika, simu ikakatwa. Bibi alibaki ameishika. Baadaye alivuta sahani akala kidogo, akasema nyama imepoa.

Ningependa kuwaandikia kwamba baada ya wiki mbili watu wa Kibenga waliugua, na fundi akaonekana ameona mbali. Haikuwa hivyo. Hakuna hata mmoja aliyekohoa. Na mwezi wa nne, siku chache baada ya Pasaka, bibi alipata kiharusi akiwa anafunga kanga, akalala hospitali siku mbili, akafa. Korona haikuhusika kabisa. Mdogo wake alifika hospitali siku ya pili, lakini mama hakuwa akifumbua macho tena. Dada yao alisikiliza mazishi kwa simu akiwa Uvira, kwa maana mpaka ulikuwa bado umefungwa. Hapo nilijifunza jambo moja kuhusu sisi binadamu: dada yule hakumlaumu mtu. Mlango ukifungwa na serikali, tunalia. Ukifungwa na ndugu yetu, tunakasirika.

Matangani, mbele ya wafiwa wote, mdogo wake alisimama kutoa shukrani na maneno yakamponyoka. "Mama alikufa na njaa ya kutuona," alisema, "na mwenye alitunyima chakula ile ni huyu hapa." Watu waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na fundi. Nilianza kuinuka ili nieleze habari za nyumba moja moja, na viti uani, na kifua. Alinishika mkono wa shati akanirudisha chini. "Acha," alisema. "Anasema ukweli yake." Wahenga walisema heri lawama kuliko fedheha, na nimewahi kuitumia methali hiyo mara nyingi kwa wepesi. Siku ile niliona uzito wa lawama ukiwa juu ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mpaka watu wa mwisho walipoondoka.

Walikaa miezi minane bila kusalimiana. Kilichotokea baadaye sikukishuhudia. Mdogo wake ndiye aliyenisimulia majuzi, tulipokuwa tumesimama kando ya kaburi la fundi tukisubiri padri. Noeli iliyofuata, asubuhi na mapema, kaka yake alifika Kibenga peke yake. Watoto walikuwa wakifagia ua. Alikataa kuingia ndani, akasema anachotaka kusema atakisema amesimama.

"Sikukuja kuomba musamaha juu nilifunga mulango," alimwambia mdogo wake. "Ile, kwa yenye nilijua siku ile, ningefunga tena. Nakuja juu ya kitu ingine. Niliwaambia ninyi kwanza, mbele ya kumuuliza Mama. Nilimufanya kama friji, kitu ya kulinda. Ile nilikosea, na yeye hayuko tena nimuombe. Ndiyo nakuomba we."

Mdogo wake aliniambia alikuwa na hotuba tayari kichwani kwa miezi yote ile, na haikumfaa kitu, kwa kuwa iliandaliwa kumjibu mtu anayejitetea. Alisimama pale na ufagio aliompokonya mtoto. Mwishowe akasema, "Ulinipatia siku yangu ya kuja. Tarehe makumi mbili na tatu. Nilikataa juu ya kiburi. Ningekuja, ningemuona." Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu yeyote, hata kwa mkewe. Kisha akamwambia kaka yake aingie, chai inapoa. Tangu mwaka huo walifanya Noeli kwa zamu, mwaka huu Kibenga, mwaka ujao Mutanga Nord, na mpaka wa Gatumba ulipofunguliwa, dada yao akawa anakuja na mafuta ya mawese kama zamani. Uchungu haukuisha, mdogo alikiri kwamba kila akiona kitenge cha rangi kama kile cha mama yake bado hasira humgusa. Lakini alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la kaka yake, upande wa mbele, na alikataa kupokewa mpaka walipofika kaburini.

Nimefikiri sana wiki hii kwa nini mtu huyu asiyejulikana astahili safu nzima. Wengi wetu tulipita katika mwaka ule tukijigawa mafungu mawili, waoga na wazembe, na mpaka leo kila fungu linasubiri kuambiwa kwamba ndilo lililokuwa sahihi. Yeye hakungoja kuambiwa. Alijua kwamba hatajua kamwe. Aliyaweza mambo mawili ambayo ni nadra kukutana katika mtu mmoja: kusimama kwenye uamuzi wake bila ushahidi wa kumsafisha, na bado kwenda kutafuta ndani ya uamuzi huo sehemu iliyokuwa kosa, kuitenga, na kuiombea radhi hiyo peke yake.

Juzi, siku moja baada ya mazishi, wadogo zangu walikuja kwangu tujadili ni nani atamchukua mama yetu, ambaye macho yake yamepungua nuru. Mmoja alisema mama aende kwake kwa kuwa ana nafasi, mwingine akasema kwake ni karibu na daktari. Tulibishana saa nzima, kila mmoja kwa mapenzi mema. Mama alikuwa chumba cha pili, anatusikia. Nikasimama, nikaenda nikakaa kitandani kwake, nikamwuliza. Hakutaka kwenda kwa yeyote. Alitaka abaki Buyenzi, mahali anapojua idadi ya hatua kutoka mlangoni kwake hadi msikitini, na sisi ndio tupeane zamu ya kuja. Wadogo zangu hawakuridhika, na sina hakika kama tumechagua vyema. Huenda tukalaumiwa, na huenda ikawa ni haki tulaumiwe. Lakini walio dhaifu majumbani mwetu bado wana vinywa, na anayetaka kumlinda mtu hana budi kuanza kwa kumwuliza, kabla hajagusa komeo la mlango.