Unga wa Njia

Ndola naijua kwa nyayo. Likasi pia, na Kolwezi, na sehemu kubwa ya Lubumbashi. Mume wangu, ambaye ndiye aliyenipeleka katika miji hiyo yote, haujui hata mmoja. Yeye anajua minara. Kazi yake ni kufunga mitambo ya umeme kwenye minara ya simu, na kila mji kwake ni chumba cha kulala, gari la kampuni na mnara. Kilichobaki, yaani mji wenyewe, niliachiwa mimi.

Walimu wenzangu kule Tabora walinionea wivu. Nilikuwa nimeomba likizo ya mwaka mmoja bila malipo ili nimfuate, na niliwatumia picha: mimi mbele ya kanisa, mimi kwenye ngazi za posta, mimi na viatu vipya kwenye barabara ya lami. "Wewe umeolewa na dunia," aliniandikia mmoja. Sikumwambia kwamba picha zile nilipigwa na wapita njia, watu nisiowajua, baada ya kuwaomba. Mume hayumo hata katika moja.

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nami niliokota: malengelenge, bei ya nyanya ya kila soko, na tabia ya kuzungumza peke yangu njiani.

Kamina, mji wa reli wa Kongo, tulifika wakati wa kiangazi. Tulipanga nyumba karibu na zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, yenye baraza pana na bomba lisilotoa maji. Saa moja asubuhi gari lilikuja kumchukua, likashika njia ya Base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji, nami nikafunga mlango na kuanza safari zangu. Nilipita sokoni, penye samaki wa moshi kutoka Bukama. Nilipishana na baiskeli zilizobebeshwa magunia ya mkaa hadi wenyewe wakashindwa kuzipanda, wanazisukuma tu kwa bega. Wafanyabiashara wa Kiislamu wenye asili ya Maniema wakinisikia ninavyosalimia waliniuliza habari za Ujiji, utadhani ni mtaa wa pili. Nikizunguka hivi hadi saa nane, nilikuwa nimeumaliza mji. Kesho yake nilianza tena kwa upande mwingine. Kusema kweli, miezi ile ya kwanza niliipenda Kamina. Ilikuwa na nafasi, na hakuna aliyenisukuma.

Likizo yangu ilikuwa inaisha. Shule zikifunguliwa Januari nilitakiwa niwe mbele ya darasa langu, la sivyo nahesabiwa mtoro kazini na nafasi anapewa mwingine. Mume alilijua hilo. Tulikubaliana kwa maneno yake mwenyewe: Novemba anamaliza, Desemba tuko nyumbani.

Novemba, tukiwa mezani, akaniambia wameongeza miezi sita.

"Nimesaini," alisema, akiendelea kutoa miiba ya samaki.

"Na shule yangu?"

"Shule zipo popote."

Kumi na mbili ni miaka niliyofundisha. Nina watoto wa watu waliojifunza kusoma kwa kidole changu, na yeye akayafuta yote kwa maneno matatu bila hata kuacha kutafuna. Nilimchukia, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Nilipomwambia kwamba basi nitatangulia peke yangu, akajibu, "Ukitaka nenda. Si treni hiyo hapo?"

Alijua anachosema. Kutoka Kamina hadi kwetu unapanda treni ya Kalemie, unavuka ziwa hadi Kigoma, kisha reli tena mpaka Tabora. Lakini treni ile haina siku. Inakuja inapokuja. Wasafiri wanakwenda stesheni kila asubuhi kuuliza, na wengine, hasa waliotoka mbali, wanalala palepale na mizigo yao, wanapika, wanafua, wanaanika, wiki mbili, wiki tatu.

Basi nami nikaanza kupitia stesheni. Nilijiambia natembea tu, kama kawaida yangu. Begi langu begani, maji yangu ndani, nauliza dirishani, "Leo ipo?" na karani ananijibu, "Bado, mama. Pengine kesho." Nakaa kidogo kwenye benchi, nawatazama akina mama wakichambua sombe, yaani kisamvu, juu ya magunia yao, halafu naondoka. Nilifanya hivyo mwezi mzima. Sikuwa nimepanga sanduku. Sikuwa hata nimeamua.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mji mzima ulikuwa umeamua kwa niaba yangu. Kamina, mke wa mtu anayechukuliwa na gari la kazi hatembei kwa miguu. Anapanda pikipiki, hata kama anakwenda pale penye kona. Mwanamke mgeni anayepita kwa miguu kila siku, saa ileile, begi begani, akielekea stesheni kuulizia treni, huyo anajulikana: mume amemrudisha kwao, naye anangoja usafiri.

Jirani yangu alikuwa mwalimu kama mimi, Mmethodisti, mke wa karani wa ofisi ya mkoa, nguo zake zimepigwa pasi hata siku ya kufua. Aliniuliza mara moja tu, juu ya ukuta:

"Mama, kila siku na miguu? Kwani bwana yako anasema nini?"

"Hasemi kitu," nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli. Akanitazama kwa huruma.

Jumapili moja alasiri, mume akiwa barazani anatazama mpira kwenye simu, wakaingia akina mama saba. Walitoka kanisani, bado na vitenge vyao vya sare. Jirani yangu alitangulia. Nyuma yake mmoja alijitwika ndoo ya unga wa mahindi, mwingine ameshika karanga za kukaanga, mwingine samaki wa moshi waliofungwa vizuri kwenye gazeti. Walipiga magoti kidogo, wakapiga makofi ya taratibu, kama wanavyowaheshimu wakubwa huku, kisha jirani akamwambia mume wangu:

"Papa, hatukuye na vita. Mambo ya nyumba iko ya benye nyumba. Lakini mama iko nangoya treni tangu mwezi muzima. Mwanamuke hawezi kwenda kwabo mikono mutupu. Atakula nini mu njia? Siye tunamuletea unga."

Mume alicheka. Alieleza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba mke wake hafukuzwi na mtu, anatembea tu, ni mazoezi, anapenda kuona miji. Akina mama walimsikiliza kwa adabu kubwa. Hakuna aliyemwamini. Mmoja, mwenye umri wa mama yangu, alinishika mkono akaubana, na hapo nikalia. Nililia mbele yao wote, na machozi yale yalimaliza maelezo yote ya mume.

Walipoondoka hakuniuliza nilichokuwa nalilia. Alisema, "Umenivua nguo mbele za watu. Kesho unarudisha kila kitu, na unawaambia ukweli."

Ningeweza kukataa. Ndoo ilikuwa pale, unga umejaa hadi mdomoni, pasipoti yangu ilikuwa sandukuni mwangu, na stesheni ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Wanawake saba wasionijua walikuwa wamenifanyia kile ambacho mume wangu hakukifikiria kwa mwaka mzima: walijiuliza nitakula nini. Lakini nilizifikiria zile picha. Nilifikiria walimu wenzangu wakiniona nashuka Tabora peke yangu na samaki kwenye gazeti, mimi niliyeolewa na dunia. Kumbe sikumwogopa mume. Niliogopa kuchekwa. Aibu hiyo mpaka leo sijaimaliza.

Asubuhi nikaipeleka ndoo kwa jirani, karanga na samaki juu yake. Nikamwambia kwamba mume wangu hajanifukuza, siendi popote, na nashukuru sana. Hakuipokea.

"Unga ya njia hairudiake mu nyumba, mama," alisema. "Haiko muzuri. Twende tumupatie mwenye kwenda."

Tukaenda stesheni, yeye ameshika upande mmoja wa ndoo, mimi upande mwingine. Alimchagua mama mmoja mwembamba mwenye watoto wawili, aliyekuwa anangoja treni ya Kalemie kwa siku kumi na sita. Yule mama alipiga makofi, akatushukuru kwa Kiluba, akamimina unga wangu kwenye gunia lake na kulifunga vizuri. Karanga watoto walianza kuzila palepale.

Tangu siku hiyo jirani alibaki na adabu yake, ila hakunijulia hali tena kwa namna ile. Nadhani alinielewa vibaya, au alinielewa sawasawa.

Treni ilikuja siku ya nne. Nilikuwa palepale, kwa miguu, begi begani, kwa kuwa mume alinikataza kumtia aibu lakini hakuwa na muda wa kunifuatilia. Watu walikuwa wanapitisha magodoro na kuku madirishani. Nilijua kwamba hiyo ndiyo ya mwisho itakayonifikisha kabla ya Januari, kwamba ikiondoka bila mimi darasa langu litakuwa la mtu mwingine, na ndivyo ilivyokuja kuwa. Nilisimama karibu na behewa, nikajifanya naangalia.

Yule mama mwembamba alikuwa ameshapata kiti. Aliniona, akafurahi, akatoa kichwa nje. Alitazama begi langu, kisha akanitazama usoni.

"Na weye, mama," akaniuliza, "uko nangoya nini?"

"Mume wangu yuko kazini," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyejibiwa, akamvuta mtoto wake ndani kwa kuwa behewa lilikuwa limeanza kusogea.