Maharage ya Mbegu

Miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, kila kitu kilishuka bei isipokuwa vitu vyangu. Nilikuwa na duka katika senta ya Murukulazo, duka la rafu za mbao na mizani niliyoipangusa kila asubuhi, na nilijivuna nalo kupita kiasi. Maharage niliyachambua mwenyewe kwenye ungo, punje kwa punje. Ukikuta jiwe katika maharage yangu, basi umelileta wewe.

Halafu akaja bwana mmoja kutoka upande wa Shinyanga, akapanga chumba ng'ambo ya barabara. Hakuweka rafu. Hakupaka hata chokaa. Alishusha magunia, akayakunja midomo, akauzia humo humo. Unga wa njano, maharage, mafuta, chumvi na sabuni, basi. Ukitaka kiberiti uje kwangu. Karibu vyote vilitoka kambini. Wakimbizi waliuza sehemu ya mgawo wao wapate ndizi na kuni, naye alinunua kwa wingi na kuridhika na faida kiduchu. Nilimwita mchuuzi wa makombo. Wateja walicheka nami, kisha wakavuka barabara kununua kwake.

Siwalaumu. Mwenye watoto saba hali ungo wangu.

Nilijaribu kushusha bei, nikaona nakula mtaji. Nikajaribu maneno, nikisema unga ule unanuka meli. Wakanijibu kwamba unashibisha vilevile. Hapo nikapandwa na hasira. Hasira hasara, wahenga walisema, na methali hiyo niliijua vizuri, lakini bado nilipanda gari hadi soko la kambini. Nikanunua magunia mawili ya maharage ya msaada, mekundu, yaliyofanana na yetu. Nikarudishia mlango wa duka mchana kweupe, nikayachanganya na yangu, nikashusha bei. Hakuna aliyegundua. Yalichelewa kuiva kidogo, lakini watu walilaumu kuni.

Sasa, kwetu maharage si ya chungu tu. Mvua zikikaribia, aliyekula akiba yake huenda kwenye nyumba anayoiamini akanunue mbegu. Na mbegu ya nyumba unayoiamini huwezi kuijaribu. Punje chache tu, ukizifukia penye unyevu chini ya migomba, zingekuambia ukweli kabla wiki haijaisha; lakini mnunuzi akifanya hivyo ni kama amemwita mwenye nyumba mwongo. Kwa hiyo kujaribu ni kazi ya muuzaji. Yale ya msaada yalikuwa yamelala maghalani sijui miaka mingapi. Sikufukia hata punje moja, kwa sababu jibu nililijua.

Bibi mmoja alikuja wakati wa kupanda. Alikuwa mjane, aliyeingia kutoka Burundi na wakimbizi wa zamani kabla hata mimi sijaolewa, na kila alipopungukiwa mbegu alikuja kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi chake. "Nataka ya mbegu."

Ningeweza kumwambia, bibi, safari hii ni ya kula tu. Maneno machache hayo. Lakini maharage yangu safi yalikuwa yamekwisha, na ng'ambo ya barabara jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. Sikutaka amwone mteja wangu wa miaka yote akitoka mikono mitupu. Nikampimia bibi, nikamwongezea konzi mbili za bure, na nikamfungia kwenye kanga vizuri asiyamwage njiani.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule. Wiki tatu baadaye bibi akarudi, akaketi kwenye benchi la duka bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Hayakuota," akasema. "Moja hapa, moja kule. Nadhani ule udongo nimeuchosha. Au ni hii mikono yangu."

Nilikuwa nimeshika ungo, nikaendelea kuupepeta ingawa haukuwa na kitu cha maana ndani.

"Na nilianza kwa yule bwana," akaendelea, akionyesha ng'ambo kwa kidevu. "Kwake ni rahisi. Akanikataza. Akasema, bibi, haya yangu ni ya chungu, yatakutia njaa. Mbegu nenda kwa yule mama, yeye ndiye mwenye mbegu."

Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tena. Mtu niliyemtukana mbele ya wateja alikuwa amemkataa mteja ili amlete kwangu. Nilifungua mdomo niseme, nao ukasema jambo jingine: "Pole sana, bibi. Ngoja nikupe chochote cha kula." Nikampa unga, nikampa maharage yale yale, nikampa chumvi. Alipokea kwa mikono miwili, akanibariki kwa Kirundi, maneno mengi. Nikaitikia amina.

Msimu ule, kwa umri wake, alipalilia mashamba ya wengine apate mlo. Na jumuiya yetu ya kanisa ilipokutana alisimama akasimulia wema wangu. Watu wakasema mwenye moyo kama ule hawezi kuuza kitu kibaya, wakaanza kurudi dukani mmoja mmoja, hata walionikimbia kwa ajili ya bei. Niliwapimia. Nilikuwa nimeshinda, na kila aliyenisalimia kwa heshima alinichoma.

Mvua nyingine zilipokuja, bibi hakulima lile shamba. Alisema limechoka, acha lipumzike. Lilikuwa kando ya njia yangu ya kanisani, na kila Jumapili niliona majani yanarefuka mahali palipokuwa na udongo mzuri kuliko wangu. Alifariki akiamini kosa ni la shamba. Nilikuwa na Jumapili nyingi za kumwambia.