Mwisho Alioubandika Mikidache

Mdogo wangu Mikidache, Mungu amrehemu, aliishi kwa kuwadanganya watu, nao walimpenda kwa hilo. Siku moja tu alijaribu kuwaambia ukweli, wakamnyoa kichwa.

Alikuwa mtu wa sinema. Pale Mutsamudu, mji wa kisiwa chetu, karibu na mto, palikuwa na ukumbi wenye mabati juu na shuka jeupe ukutani. Mikidache ndiye aliyezungusha mashine. Na kwa kuwa filamu zote zilisema Kifaransa, yeye huyo huyo alishika kipaza sauti na kuwatafsiria watu kwa lugha yetu: huyu anasema anampenda, huyu anasema atamuua, kina mama wenye watoto wadogo wafumbeni macho. Mimi ni dada yake mkubwa, Zaharia. Nilisoma sekondari Unguja kwa mjomba, nikarudi na cheti, mtandio mrefu, na tabia ya kuuliza maswali ambayo mama alisema ndiyo iliyowafukuza wachumba. Sinema sikuipenda. Lakini nyumba ilikuwa yangu, kama ilivyo desturi yetu ya kuwapa mabinti nyumba, naye alirudi kula kwangu kila siku. Kwa hiyo filamu zote nilizijua bila kutia mguu mle.

Mwaka ule wa uhuru ikaletwa na boti, kutoka Moroni, mji mkuu wa visiwa vyote, filamu ya daraja. Bwana mmoja mkubwa, mwenye kofia nzuri, anauza saruji ya daraja na kutia mchanga badala yake. Daraja linaanguka na watu. Inspekta mmoja, maskini, koti lake moja, anafuatilia mpaka anampata mwanamke aliyeona kila kitu. Watu wa Mutsamudu walikaa kimya hata mashine ikasikika. Kisha ukaja mwisho. Shahidi akapigwa risasi ndani ya gari. Bwana mkubwa akafungua daraja jipya, akakata utepe, bendi ikapiga. Na inspekta akasimama katikati ya umati, mvua inamnyeshea, akapiga makofi kama wengine.

Shuka lile lilipigwa makubadhi mpaka likachanika.

"Mwisho uko wapi?" walipiga kelele. "Mikidache, umeuficha!"

"Ndio huo!"

"Huo si mwisho, huo ni ufidhuli!"

Kesho yake mdogo wangu alikata kile kipande, akabandika kwa gundi mwisho wa filamu nyingine kabisa, ambamo polisi wanamfunga pingu mnene mmoja asiye na kofia, tena jua linawaka. Akashika kipaza sauti na kueleza kwamba huyu ni yule yule bwana mkubwa, ila amenenepa kwa kula haramu, na mvua imekatika kwa rehema za Mungu. Watu walisimama na kupiga vigelegele. Wengine walirudi kuiangalia tena na tena, na kila mara mnene alifungwa.

Nilimuuliza: "Huo si uongo?"

"Ni dua, dada," akasema, akaongeza mchuzi.

Kisha nchi ikazidi kuwa huru. Ali Soilih akashika madaraka, watu wakamwita Mongozi, yaani kiongozi, na Mongozi akaona kwamba taabu yetu yote imetokana na harusi kubwa, hitima kubwa na wazee wakubwa. Wafanyakazi wa serikali wakaambiwa waende nyumbani, na nchi wakapewa vijana wa shule. Sisemi hapakuwa na ukweli katika maneno yake. Harusi zetu kweli zilikuwa zinafilisi watu. Nasema tu kwamba wanaojua kula wanajua kula kwa sahani yoyote.

Mmoja wao alikuwa Kamardine, mfanyabiashara wa Mirontsy, mji ulio pua na mdomo na wetu. Huyu alikuwa mzee wa mbele msikitini, mwenye joho la nakshi, aliyekuwa akichinjiwa ng'ombe na kupewa nundu. Alivua joho Ijumaa, na Jumamosi akatoka amenyoa ndevu, na shati la kaki akiwaita watu "ndugu". Mapinduzi yalimpokea kwa furaha. Hawakupata wengi waliojua kusoma mizani.

Mwanzoni mwa mwaka sabini na saba ndugu zetu wakaanza kurudishwa kutoka Mahajanga, ng'ambo ya bahari, ambako wenzao walikuwa wamechinjwa. Waliobaki hai walishushwa bandarini na vitambaa walivyovaa. Chumba cha chini nilimpa Loutfia, mwanamke kijana aliyefika na mtoto mmoja mgongoni, na mwingine aliyebaki kule, ambaye hakumtaja. Mchele wa msaada ukaja kwa ajili yao. Kamati ya wale vijana ikafunga sinema, maana kuota ndoto ni kupoteza muda wa taifa, na ukumbi ukawa ghala. Kamardine akawa mwenye dhamana ya chakula. Mikidache akaachiwa ufunguo wa mlango wa mbele, kwa sababu kufuli lile lilikuwa kongwe, na halikumsikiliza mtu mwingine.

Ukumbi una mlango wa pili, nyuma ya shuka, upande wa mto. Loutfia alikuwa akifua pale. Alirudi siku moja na nguo hazijakamuliwa.

"Kaka Mikidache," akasema, "mchele wetu unahama. Lori la Kamardine limesimama mlango wa nyuma, yeye mwenyewe anahesabu magunia, linakwenda Mirontsy."

"Mchana huu?"

"Mchana huu. Amenisalimia."

Mchana kweupe, naam. Anayengoja giza ni yule ambaye bado ana haya.

Mikidache alikwenda akaona, na tena akaona. Wakimbizi walikuwa wanapewa kikombe kimoja cha mchele kwa familia, wanaambiwa meli imechelewa. Akaniambia: "Nakwenda Moroni."

"Kamardine ana watu, mdogo wangu."

"Na mimi nina Ridjali."

Hapa msomaji asiye wa kwetu atacheka, lakini wa kwetu atanielewa. Ridjali ni mtoto wa mama yetu mdogo, Bahiat. Watoto wa mama wawili waliozaliwa tumbo moja, kwetu si binamu, ni ndugu. Alikulia sebuleni kwangu, akala sinia moja na Mikidache, wakagombania ukoko mmoja. Mtu anaweza kumshuku mkewe, hata imamu wake. Mtoto wa mama mdogo hamshuku, kama asivyoushuku mkono wake wa kulia. Na Ridjali sasa alikuwa mtu wa kamati Moroni, anakaa Mvouni, kule juu kwenye baridi, katika nyumba ambayo mapinduzi yameikomboa kutoka kwa mwenyewe.

Mazungumzo yao alinisimulia Mikidache baadaye. Alimkuta ofisini kwake, mtaa wa Magoudjou. Ridjali alimkumbatia, akaagiza chai, akafunga mlango.

"Umefanya vizuri kuja kwangu kwanza, kaka. Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Vizuri sana. Na shahidi yupo?"

"Yupo. Loutfia, anakaa kwa dada Zaharia."

"Vizuri sana." Ridjali alikoroga chai. "Hivi, ile filamu ya daraja niliiona hapa Moroni. Nasikia wewe kule unaonyesha mwisho mwingine."

"Wangu mwenyewe."

Ridjali alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Wallahi, kaka! Sisi huku tunaonyesha ule ule uliokuja nayo."

Mikidache alicheka pia. Alipanda boti ya kurudi moyo wake mweupe, na alipowaona vijana wa kamati wamejipanga gatini Mutsamudu, akadhani Ridjali amempelekea mapokezi. Kweli alikuwa amempelekea.

Mwizi wa mchele alikuwa amepatikana. Nani mwingine? Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na mfukoni mwake ndimo walimoutoa. Walimnyoa nusu kichwa, wakampaka uso unga wa mchele, wakamvika gunia tupu shingoni, wakampitisha mji mzima kwa ngoma. Vichochoro vya Mutsamudu ni vyembamba, mtu ukitolewa nje kwa aibu unapita karibu ya kila dirisha. Nilikuwa kwenye dirisha langu. Alipita chini yangu, na mwanamke mmoja mcheshi akampigia kelele kutoka ng'ambo:

"Mikidache! Na mwisho?"

Akainua ule uso mweupe, akajibu kwa sauti yake ya sinema:

"Uko kwenye boti, bibi! Bado haujashushwa!"

Watu walicheka. Hata waliompigia ngoma walicheka. Mimi nilifunga dirisha.

Wakamweka na wengine katika kiwanda cha zamani cha mafuta ya ilang-ilang, maua ya manukato, mabanda ya chuma juu ya mlima. Nguo zake zilizoletwa kwangu kufuliwa zilinukia kama za bwana harusi. Alikohoa humo mwaka mzima, ananukia.

Na shahidi? Katika filamu shahidi alipigwa risasi. Sisi si washenzi. Kamardine alimposa Loutfia kwa heshima zote, harusi ndogo ya kimapinduzi, bila ng'ombe, bila dhahabu, akamhamishia Mirontsy. Gazeti lingekuwapo, lingeandika kwamba ndugu Kamardine amewapokea wakimbizi kwa mikono miwili.

Mwezi wa tano, mwaka sabini na nane, wakaja Wazungu wa kukodiwa, Mongozi akapinduliwa, na magereza yakafunguliwa. Mikidache aliletwa kwangu amebebwa. Kifua kilikuwa kimekwisha. Lakini macho, subhana Allah, yalikuwa yanawaka kama taa ya mashine yake.

"Boti imefika, dada," akasema. "Ijumaa, baada ya sala, nibebeni mpaka uwanjani. Nitasema mbele ya watu wote. Mlete Loutfia aseme alichoona. Sitaki kurudishiwa chochote. Sitaki Kamardine afungwe. Nataka tu nisizikwe mwizi."

Nikajitanda shiromani, nguo yetu ya kutokea, nikaenda Mirontsy kwa miguu. Loutfia alinipokea kwenye baraza ya mawe. Alikuwa amenawiri. Mtoto wake alikuwa anakula mkate kwa asali, mashavu yamejaa.

"Ndugu yangu anakufa," nikamwambia. "Anataka maneno yako mawili."

Hakujifanya hanielewi. Nilimheshimu kwa hilo.

"Dada Zaharia, ninajua mume wangu alichofanya. Ndicho ninachokula." Akamtazama mtoto. "Nikisema, Ijumaa nitakuwa mkweli. Jumamosi nitakuwa wapi?"

Nilikuwa na chumba cha chini. Nilimwambia hivyo. Alitabasamu kama unavyomtabasamia mtoto anayekupa pipi aliyokwisha kuilamba.

Nilirudi. Mikidache aliniuliza kabla sijavua viatu. Mimi ninayesali sala tano na kufunga Jumatatu na Alhamisi, nikamwambia:

"Amekubali. Atakuja Ijumaa. Na wanawake wote wa Mahajanga watakuja naye."

"Wote?"

"Wote. Na Kamardine amesikia, hatoki ndani."

Akacheka mpaka akakohoa. Akafa Alhamisi, kabla ya alasiri, mwisho wake umebandikwa vizuri.

Sasa mazishi. Kwa kuwa dini na mila vilikuwa vimerudi pamoja na wale Wazungu, mazishi yalikuwa makubwa. Jeneza lilipokuwa tayari uani, kama ilivyo desturi, ikaulizwa mbele ya wanaume waliokusanyika: mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze, au asamehe, ndugu yetu asafiri mwepesi. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia. Kwa kawaida hapo panakuwa kimya, kisha mtu anasema tumemsamehe, wanainua.

Mtu akasogea mbele. Niliona joho kabla ya kumwona aliyelivaa. Joho la nakshi, limetolewa sandukuni, linanuka karafuu. Ndevu zilikuwa zimeanza kurudi, changa kama za kijana.

"Ndugu zangu Waislamu," akasema Kamardine, na sauti ikamkatika mahali panapostahili. "Mimi nilikuwa na dhamana ya mchele wa wakimbizi. Marehemu alikuwa binadamu, na shetani ni mjanja. Leo, mbele ya Mungu na mbele yenu, ninamsamehe mchele ule. Wote. Nimemhalalishia."

Watu wote uani walishusha pumzi. "Mashallah," mtu akasema. "Huyu ndiye mtu mzima." Mzee mmoja alilia, na sidhani alikuwa anaigiza.

Hivyo ndivyo mtu anavyohukumiwa pasipo rufaa. Anayeshtakiwa anaweza kujibu. Anayesamehewa, tena maiti, atajibu nini?

Nilishika pazia. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka ulipokuja juu yake mkono wa mama mdogo Bahiat, unanuka vitunguu.

"Itikia amin, mwanangu."

"Anamsamehe nini, mama mdogo?" nikasema ndani ya kiganja. "Amsamehe nini?"

"Usiniulize." Alikuwa analia, machozi yake yananidondokea shingoni. "Ridjali wameahidi kumrudisha kazini. Na ni Kamardine aliyemwombea. Itikia, Zaharia. Ni dua."

Na kweli ilikuwa dua. Walikuwa wamekwisha kuinua mikono wanamwombea mdogo wangu kaburi pana na lenye nuru. Mtu atakataaje? Niliitikia amin, na wanawake wote wakaitikia, na jeneza likatoka kwa mlango ule ule alioingilia kila siku akiuliza leo kuna mchuzi gani.

Waliporudi kutoka makaburini ikabidi wale. Sikuwa na kitu ndani, lakini jikoni kulikuwa na magunia yaliyoletwa asubuhi pamoja na ng'ombe wa kuchinja, sadaka kutoka Mirontsy. Niliijua chapa ya magunia yale, ile ya mchele wa msaada. Aliyekuwa anachagua mchele huo kwenye ungo, pamoja na wanawake wengine, alikuwa Loutfia, amekuja kusaidia kama mke wa mtu mkubwa anavyopaswa.

"Hauna mawe," akaniambia, bila kuinua macho.

Wali ukapikwa, ukaiva vizuri, haukuungua hata chini. Nundu ya ng'ombe ikawekwa juu ya sinia ya mzee wa mbele, na mwenye nyumba ndiye anayeipeleka mpaka mlangoni. Mwenye nyumba ni mimi. Niliibeba. Ndani wanaume walikuwa bado wanamsifu Kamardine, na mmoja, aliyezoea mikutano ya kamati, akajisahau akaanza kupiga makofi, na wengine wawili watatu wakamfuata kabla hawajakumbuka wako matangani.

Mimi sikupiga. Sinia ilikuwa nzito, nimeishika kwa mikono miwili.