Macho Kumi na Mawili ya Waridi la Wilf

Barua ya manispaa ilifika mwezi Machi, mwaka wa sitini na nane, ikamkuta Enid Kershaw amepiga magoti mbele ya nyumba yake, akipogoa waridi. Aliisoma hapo hapo chini. Mtaa mzima wa Garnet, nyumba arobaini na nne zilizoshikana bega kwa bega, ungebomolewa kabla ya Krismasi. Yeye alipewa chumba na sebule katika jengo jipya la ghorofa nje kidogo ya mji, orofa ya sita, lenye bafu la ndani na maji moto. Majirani walipofika kwenye habari ya bafu walipiga vigelegele. Enid aliisoma mara mbili akitafuta neno bustani, asilione.

Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, mikeka miwili ingeijaza. Ilianzia kizingitini ikaishia kwenye ukuta mfupi wa matofali uliokuwa mweusi kwa masizi ya viwanda vya pamba, na ndani yake mlikuwa na mche mmoja tu wa maana. Wilf, marehemu mumewe, aliuotesha kwa mbegu mwaka vita vilipokwisha. Alichukua brashi ya rangi ya binti yao Noreen, akabeba chavua ya waridi la njano na kuipaka kwenye waridi jeupe, akalifunika kwa mfuko wa karatasi, akangoja. Mbegu kumi na tisa ziliota katika makopo ya tumbaku dirishani mwa jikoni. Kumi na nane alizitupa. Ile moja ilitoa ua refu, la kujikunja taratibu, lenye rangi ya malai yanayotanda juu ya maziwa yakilala kwenye baridi.

"Hakuna mwingine duniani mwenye hili," Wilf alizoea kusema, na lilikuwa jambo la kweli, ndiyo maana alilisema mno.

Kila Agosti alilipeleka kwenye maonyesho ya maua. Lakini kabla hajatoka nyumbani alichukua ncha ya kisu na kuchokoa kila jicho, yaani kila chipukizi lililolala kwenye kikonyo cha ua, moja baada ya jingine, maana mjuzi akipata jicho moja tu la waridi, amelipata waridi zima. Mjuzi aliyemwogopa alikuwa Amos Tattersall wa mtaa wa nyuma. Miaka kumi na mitano Amos alimwomba jicho moja. Miaka kumi na mitano Wilf alimwambia akaoteshe lake.

Sasa Wilf alikuwa na miaka mitatu kaburini.

"Lichimbue tu, mama, ulitie kwenye ndoo," Noreen alisema.

"Mzizi wake ni mnene kama mkono wako, na umeingia chini ya ukuta. Nikiung'oa nimeuua. Halafu ndoo niiweke wapi? Juu ya lile bafu?"

Njia ilikuwa moja tu: kuyabebesha macho ya waridi lile kwenye mashina ya waridi mwitu, yaote upya mahali pengine. Mashina ya namna hiyo hupandwa majira ya baridi ndipo yawe tayari kiangazi. Mwaka ule aliyekuwa na safu ya mashina tayari, katika kishamba chake cha kukodi nyuma ya reli, alikuwa Amos peke yake.

Enid alikwenda mwezi Mei, amevaa koti la kanisani. Amos alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, anavuta kiko. Hakuinuka.

"Bi Kershaw! Umepotea? Kanisa liko upande ule."

"Sijapotea. Nimekuja kwako."

"Wilf atageuka kaburini."

"Ameshageuka siku ilipokuja barua. Ukimfukua sasa hivi utamkuta kifudifudi."

Amos alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Enid akamweleza shida yake. Mzee alisikiliza, macho yake yakiwa kwenye safu ya mashina.

"Nitakupa mashina kumi na mawili," alisema mwishowe. "Yakishika, mche mmoja wangu."

Kitu alichokilinda mumewe kwa ncha ya kisu, Enid alikuwa karibu kukitoa kwa kinywa chake mwenyewe. Treni ilipita, naye akangoja kelele zake ziishe.

"Yakishika," alisema.

"Ila mimi sikati. Tazama." Amos aliinyoosha mikono yake, na vidole vilitetemeka kama majani. "Mwaka jana nilibebesha thelathini, yakashika mawili. Utakata wewe, bibie."

"Mimi? Wilf hakunishikisha kisu hata siku moja!"

"Basi hapo Wilf alikuwa mjinga. Na hilo nilimwambia mwenyewe, usifikiri namsengenya."

Gome la waridi hubanduka vizuri katikati ya Julai, na huko kwao katikati ya Julai ilikuwa wiki ya likizo ya viwanda. Tanuri zote zilizimwa siku moja, na mji mzima ukabeba masanduku kwenda Blackpool, baharini, kukutana huko na majirani wale wale. Noreen alimng'ang'ania mama yake aende nao. Enid alikataa, kama alivyokataa Wilf kila mwaka. Zamani alikuwa akinung'unika moyoni kwa kunyimwa mchanga na muziki wa gatini. Sasa akitembea peke yake katika mtaa uliofungwa madirisha, anga safi bila uzi wa moshi na vilima vikionekana mpaka mwisho, alitambua kwamba zile ndizo zilizokuwa siku zake njema. Wilf ameinama na mikono ya shati imekunjwa, akibebesha mawaridi ya kawaida ya kuwauzia majirani. Wilf akinong'ona, "Ukili, mpenzi," bila kuinua kichwa, akisogea kidogo kumpisha. Ukimya wa mji usio na mitambo, na wao wawili ndani yake.

Alikata vikonyo sita vilivyokuwa vimemaliza kuchanua, akavivingirisha kwenye gazeti lililoloweshwa, akavuka reli.

Alipiga magoti kwenye udongo. Akachana gome la shina la kwanza karibu na ardhi, mkato wa kushuka na mkato wa kukingama. Akabandua jicho na kipande cha ganda lake, dogo kama ukucha, akalichomeka.

"Simama!" Amos alipaza sauti. "Umemtia kichwa chini, miguu juu! Huyo atachipua kuelekea Australia."

"Si uniambie mapema?"

"Nilitaka kuona kama Wilf alikufundisha lolote."

Jicho la pili alilitoboa moyo likawa ganda tupu. La tatu lilikauka mkononi kwa kusitasita kwake. Jasho lilimtoka. Vikonyo vilikuwa na macho kama ishirini yaliyofaa, na mengine hayangepatikana. La nne liliteleza ndani ya gome kama barua ndani ya bahasha. Hapo akachukua utepe wa ukili na kuanza kulifunga jicho shinani. Miaka thelathini na moja alisimama mbele ya mitambo ya kufuma akiunga nyuzi zilizokatika, na vidole vyake havikungoja kuambiwa. Chini ya jicho mara tatu, juu mara mbili, fundo, kwisha.

Amos aliacha kuvuta kiko chake. "Hilo fundo la Wilf," alisema. "Nililiona kwenye mashina yake, nikaliiga miaka na miaka, halikunikubali."

"Wilf hakufunga hata siku moja. Nilifunga mimi."

Mzee akasogeza ndoo karibu, akawa anampa tepe za ukili moja moja, mpaka shina la kumi na mbili.

Baada ya wiki tatu macho saba yalikuwa ya kijani. Matano yalikuwa meusi. Oktoba Enid alihamia orofa ya sita. Novemba mtaa ulibomolewa. Hakwenda kutazama. Noreen ndiye aliyemwambia kwamba ukuta uliangukia upande wa bustani. Baridi ya Januari iliua matatu mengine, na ilipofika mwisho wa Februari waridi la Wilf, popote duniani, lilikuwa macho manne yaliyolala, kila moja dogo kama punje ya dengu.

"Sasa kata kila kilicho juu ya jicho, ili utomvu uliamshe," Amos alisema.

Waridi mwitu lilikuwa limefika kiunoni, lenye afya tele. Enid alishika mkasi asikate.

"Na jicho lisipoamka?"

"Utakuwa umeua vyote viwili."

"Wewe hujui kumfariji mtu, Amos."

"Sikuitiwa kufariji. Kata."

Alikata. Yalibaki mashina manne yenye urefu wa kidole gumba, na kipupwe kikipita juu yake. Wiki saba alipanda basi kila Jumatano kuja kutazama udongo. Jumatano ya nane kulikuwa na ncha nyekundu kwenye shina moja. Baadaye kwenye yote manne.

Juni ua la kwanza lilifunguka, refu, la kujikunja taratibu. Enid aliinama akalinusa.

"Chagua wako," alimwambia Amos.

Mzee alipita kwenye safu akachagua uliodumaa.

"Huo ni mdhaifu. Chukua ule mwingine."

"Nina miaka sabini na moja. Mirefu waachie watu wengine. Nikiupeleka kwenye maonyesho niandike jina gani?"

Wilf hakuwa ameupa jina. Enid alifikiri sana, mkasi ukiwa mkononi.

"Andika Wilf Kershaw."

"Huyo aliyeninyima miaka kumi na mitano? Nimbebe mimi mpaka mezani?"

"Umbebe wima, tena."

Amos aligunaguna, lakini alitoa penseli. Enid aliiacha miche yake mitatu pale pale kwenye safu, akalikata lile ua, akapanda nalo basi, akaliweka dirishani orofa ya sita. Usiku harufu ilienea chumba kizima, naye aliacha taa ikiwaka, akaongea na Wilf kidogo, mambo ya kawaida tu: Noreen, maji moto, kelele za lifti. Jumamosi petali zilidondoka. Alizizoa, akavitazama viatu vyake vya shambani mlangoni, na akahesabu siku zilizobaki kufika Jumatano.