Pazia Halimngoji Mgeni Rasmi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba. Ukumbi ulikuwa mjini Kasese, upande wa Nyamwamba, na kamba yenyewe ilikuwa ya kuvutia pazia la jukwaa, nene, iliyokakamaa kwa vumbi. Mkurugenzi wa ukumbi, mzee wa tai aliyependa kutembea mikono nyuma, alinionyesha kigingi inapofungwa. Akanionya kwamba nikivuta vibaya pazia litapanda upande mmoja tu, na watu watacheka mchezo usiochekesha. Nikasimama nyuma ya pazia nimeishika kamba ile kwa mikono miwili.

Tangazo mlangoni lilisema saa nane mchana. Saa nane ikafika, ukumbi ukajaa, watoto wakaanza kulia. Waigizaji waliopakwa unga nyweleni ili waonekane wazee walikaa mpaka unga ukawadondokea mabegani. Nikamfuata Mkurugenzi kumwuliza tunangoja nini.

"Binti," akaniambia, "saa ya tangazo ni ya wananchi. Saa ya kazi ni ya mgeni rasmi."

Ninyi vijana mmezaliwa mkimkuta, kwa hiyo hamshangai. Mgeni rasmi ni mkubwa anayealikwa kufungua shughuli. Huwekewa kochi mbele, kitambaa cheupe, chupa ya maji na maua ya plastiki, na asipofika hakuna kinachoanza, hata kama ni harusi na bibi harusi amesimama juani. Siku ile alifika jioni, akahutubia kwa kirefu, akatazama ngoma moja, akaondoka na msafara wake. Mchezo tuliufupisha kwa sababu giza lilikuwa linaingia na taa tulizokuwa nazo zilikuwa mbili. Pazia nililivuta vizuri, likapanda sawasawa, lakini nilikwenda nyumbani nina hasira.

Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari kutoka upande wa Arua, na katika zile nyumba za mabati tulikua watoto wa kila kabila la Uganda, tukigombania mpira kwa Kiswahili kwa kuwa hatukuwa na lugha nyingine ya kutukutanisha. Najua wanavyosema nchini humu, kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Askari alikuwa baba yangu, mwizi simjui. Naandika kwa Kiswahili, na anayekereka akereke.

Kutoka kwenye kamba nilipanda mpaka kuwa msimamizi wa jukwaa. Huyu ndiye mtu ambaye watazamaji hawamwoni wala hawamjui. Mwigizaji haingii mpaka apewe ishara na msimamizi, mpiga ngoma hanyamazi mpaka aone mkono wake. Akifanya kazi vizuri, sifa wanapewa wengine. Akikosea mara moja tu, wote wanauliza ni nani huyo aliye nyuma. Kazi hii haina makofi, na anayetaka makofi aende akaimbe.

Baada ya Kasese nilipelekwa Kinyamaseke. Huko hapakuwa na ukumbi. Tulicheza juu ya lori lililoegeshwa kando ya maduka, pazia likiwa shuka mbili zilizofungwa kwenye miti. Mkuu wangu alikuwa Sajini mstaafu aliyeongoza kikundi cha ngoma kwa amri zile zile alizozitumia kambini. Watu wengine walimwogopa. Mimi nilijiona nimerudi kwetu. Wiki ya kwanza alinikuta nimesimama kando ya lori natazama barabara, maana tulikuwa tumemwalika mkubwa fulani.

"Wewe," akasema, "watu imefika, jua iko juu, ngoma iko hapa. Unangoja nani tena?"

Nikasema namngoja mgeni rasmi, afande. Akapanda lori mwenyewe, akapiga ngoma kubwa kwa kiganja, na shughuli ikaanza. Yule mkubwa alipokuja alisimama nyuma na wauza ndizi, akatazama, akaondoka bila kuhutubia. Mbingu hazikuanguka. Nilifanya kazi chini ya Sajini yule miaka mingi, na sikuwahi kumwona akiangalia barabara.

Kisha Kamati ya kituo cha sanaa cha Bwera ikaniita niwe msimamizi mkuu, nikaenda bila kuuliza mara mbili. Bwera ni mpakani. Ukiteremka kidogo umefika Mpondwe, na ng'ambo ya mto ni Kongo. Kituo kilikuwa cha watu wote. Kwaya za Wakongo Wakatoliki zilifanya mazoezi pale, Wakonzo walileta ngoma zao za harusi, wake wa polisi walikuwa na kikundi cha vichekesho kilichowasema waume zao bila huruma, na waume wakaja kutazama. Kuta zilikuwa nzuri, lakini paa lilikuwa nusu. Mabati yalifunika jukwaa na safu za mbele, huku safu za nyuma zikikaa juani na mvuani. Mwenyekiti wa Kamati, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole na mwoga, alikuwa anatafuta mabati ya kumalizia. Mkubwa mmoja akaahidi kuyaleta. Sitataja jina lake wala ofisi yake, hastahili nafasi hiyo. Mwenyekiti akaamua awe mgeni rasmi katika siku ya akina mama wa mpakani.

Akina mama hao waliongozwa na Mama Kavira, muuza mafuta ya mawese sokoni. Alikuwa amekimbia vita upande wa Beni, akaja na watoto wake na sufuria. Igizo lao lilikuwa la asubuhi ile waliyokimbia. Katika mazoezi alikuwa anakwama mahali pamoja kila mara, pale anapomshika mama yake mkono amvute, na mama anakataa kuacha shamba. Alikuwa amemwacha. Miaka yote alikuwa na wazo kwamba mama yake anamhesabu kuwa binti aliyemtupa, na hakuna mtu aliyeweza kulitoa wazo hilo kichwani mwake.

Nilimwuliza kwa nini hampigii simu wakayazungumza.

"Ku simu siwezi kumwambia ile mambo," akanijibu. "Nataka aone na macho yake."

Na siku ya onyesho yule mama mzee alikuja. Alikuwa mdogo wa mwili, amevaa kitenge cha kanisani na rozari shingoni. Njia ya kwao ilikuwa mbaya na watu hawakuipita ovyo. Alikuwa amepata nafasi katika lori la wafanyabiashara, na lori hilo lilikuwa linarudi siku hiyo hiyo, kabla ya kufungwa kwa bariyeri, ndivyo Wakongo wanavyokiita kizuizi cha mpakani. Hakuna aliyejua kama atapata tena safari ya namna hiyo. Alikaa nyuma kabisa, juani, kwa sababu safu za mbele zilikuwa zimetengwa.

Saa ya tangazo ikapita. Mwenyekiti akapiga simu, akaambiwa mgeni yuko njiani. Baadaye tukaambiwa amefika Kikorongo, bado mbali. Baadaye tena tukaambiwa bado yuko Kikorongo. Jua likaanza kuelekea Kongo, na kochi lenye kitambaa cheupe likabaki linatutazama. Mama Kavira akaja nyuma ya pazia, amevaa nguo zake za igizo, midomo imemkauka.

"Mama, bariyeri inaenda kufungwa. Dereva iko anaita watu yake. Mama yangu atarudia bila kuona."

Nikamwendea Mwenyekiti. Nikamweleza yote, habari ya mama mzee, ya lori na ya mpaka. Alisikiliza kwa huruma ya kweli, sitamsingizia. Kisha akasema subira huvuta heri. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, Mwalimu.

"Mabati yetu yako mkononi mwa mtu huyu," akasema kwa sauti ya chini. "Ukifungua pazia kabla hajafika, mimi sitaweza kukutetea."

Nikamwambia asinitetee.

Sikwenda moja kwa moja jukwaani. Nilipita katikati ya watu mpaka safu ya nyuma, nikamshika yule mama mzee mkono, nikamleta mbele taratibu, nikamkalisha kwenye kochi la mgeni rasmi. Nikamfungulia na ile chupa ya maji. Mjumbe mmoja wa Kamati alisimama, akakaa, akasimama tena. Wale wake wa polisi wakaanza kupiga vigelegele, na hapo nikajua siko peke yangu. Nikaenda nyuma, nikawapa wapiga ngoma ishara, nikalivuta pazia kwa mikono yangu mwenyewe ingawa kazi hiyo ilikuwa na mtu wake.

Walicheza vizuri kuliko siku zote. Walipofika mahali pale pa kushikana mkono, Mama Kavira akamvuta mwigizaji aliyekuwa mama, yule akakataa, na Mama Kavira akakwama kama kawaida yake. Kazi yangu katika hali hiyo ni kumnong'oneza maneno. Nilishafungua mdomo. Lakini sauti ikatoka mbele, kwenye kochi.

"Ni mimi nilikwambia wende," akasema yule mama mzee, kwa sauti ya kawaida, kama wako jikoni. "Ulifanya muzuri. Batoto beko wazima."

Mwongozo wa kazi yetu unasema mtazamaji akiingilia, ngoma zipigwe kumfunika. Mpiga ngoma akanitazama. Nikamwinulia kiganja: tulia. Mama Kavira alishuka jukwaani, akapiga magoti mbele ya kochi, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia, na wanawake wenzake wakauimba wimbo wa mwisho wakiwa wamesimama pale pale juu bila kiongozi. Nililia pia, na sioni aibu. Kisha bodaboda ikaletwa, mama mzee akapandishwa, akaliwahi lori lake. Alivuka.

Mkubwa alifika watu wakiwa wamebaki wachache wakikusanya viti. Mwenyekiti alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kola. Mkubwa akasema akina mama waitwe, waanze tena. Nikasogea nikamwambia haiwezekani, aliyekuwa anachezewa ameshavuka mpaka.

"Wewe unajua mimi ni nani?" akaniuliza.

"Najua, mheshimiwa. Wewe ndiye tuliyekungoja."

Mabati hayakuja. Mvua za msimu ule na za msimu uliofuata zilinyesha juu ya safu za nyuma, watu wakatazama michezo chini ya miamvuli, na sokoni nilisemwa kwamba mdomo wa yule mama wa kambi ndio uliotunyima paa. Iliniuma. Walionisema walikuwa majirani zangu, na watoto wao ndio walionyeshewa. Lakini nilipima, na bado napima: paa tungeweza kulipata kwa njia nyingine, ile alasiri hatungeipata tena. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayekaa kwenye kochi hajui jua la safu ya nyuma.

Kamati ikanihamishia Kikorongo, kwenye njia panda, niongoze kikundi kidogo cha kuwachezea abiria wa mabasi na wageni wa mbugani. Waliniambia ni kupandishwa cheo. Hapakuwa na jukwaa wala pazia, palikuwa na lami, vumbi na wauza mahindi ya kuchoma. Walidhani wameniadhibu, kumbe wamenipeleka mahali pa haki. Basi likisimama, ngoma inaanza wakati mlango unafunguka, maana dereva hamjui mgeni rasmi, anajua kuondoka. Nilifundisha vijana kuanza bila kuzunguka-zunguka na kumaliza watu wakiwa bado wanataka. Nilikaa huko mpaka magoti yakakataa.

Ninyi mnaoingia kazini leo mna taa za rangi na vipaza sauti ambavyo sisi hatukuviota. Vizuri. Lakini naona bado mnawaweka watu juani mkitazama barabara. Mnaniambia, "Shangazi, ndivyo ilivyo." Sivyo ilivyo, ndivyo mnavyokubali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee, wala hawakusema mwenyeji akauke. Aliyeacha duka lake, aliyeshika njia akiwa na mtoto mgongoni, huyo ndiye mwenye shughuli. Nyinyi ni watumishi wake, na mimi nilikuwa mtumishi wake.

Mwaka niliostaafu, Kamati ya Bwera iliniandalia sherehe. Mwenyekiti mpya ni kijana mwenye adabu, na nia yake ilikuwa njema. Turubai lilifungwa, pilau na matoke vikapikwa, akina mama wa mpakani wakaja na sare zao, Mama Kavira akiwa mbele. Na mbele kabisa, kumbe, kuna kochi, kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Nikamwuliza Mwenyekiti ni la nani. Akasema kwa aibu kwamba wamemwalika mkubwa kutoka mjini aje anipe cheti na kunistaafisha rasmi. Yuko njiani.

Nilingoja mpaka saa iliyoandikwa kwenye kadi. Kisha nikasimama, nikachukua kipaza sauti, nikawashukuru watu wangu, nikakata keki, nikamlisha Mama Kavira, yeye akanilisha mimi, na ngoma zikapigwa. Tulicheza, tukala tukashiba. Gari lake liliposimama langoni tulikuwa tunanawa mikono. Nilimwendea, nikamsalimu kwa heshima zote, nikampa pole ya safari, nikamkaribisha chakula. Nikamwambia cheti anaweza kukiacha mezani, maana mimi nilishastaafu tangu mchana.