Barafu ya Kocha, Bukari ya Mama

Mwaka ule kocha wetu wa kuogelea aligundua mapumziko. Kwa miaka yote alikuwa ametufundisha kwamba kupumzika ni kazi ya wavivu. Kisha akapata simu mpya, nayo ikamwambia kuwa mwogeleaji hodari hujulikana akishatoka majini: aingie kwenye barafu, anyooshe viungo, ale upesi. Akaamini yote, kama alivyoamini kinyume chake zamani.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Asubuhi ya mashindano ya mkoa nilitoka wa pili katika mchujo wa mita mia, na fainali ilikuwa saa nane mchana. Wawili wa kwanza wangepelekwa Kinshasa. Sikuwahi kufika Kinshasa wala kupanda ndege, na safari ile niliitaka mno, hata wiki nzima sikulala vizuri.

Ilikuwa mwezi wa saba. Asiyeijua Lubumbashi hudhani Kongo yote ni joto. Sisi mwezi huo huvaa makoti, na bwawa letu halina cha kupasha maji. Nilitoka meno yakigongana. Kocha akanitazama kwa huruma, akanitia kwenye pipa la barafu.

Barafu yenyewe ilitoka kwa mama yangu, anayeuza samaki wa friza kule Kampemba. Kocha alikuwa amemwomba mifuko mitatu bila kumwambia ya nini. Mama alidhani ni ya kupozea vinywaji vya wageni wa heshima, akaituma mapema, kisha yeye mwenyewe akaja na sufuria ya chakula changu. Alinikuta nimezama hadi shingoni, maji yananuka samaki.

"Huyu mutoto iko samaki?" akauliza.

"Mama, ni récupération," kocha akajibu, akiyaita mapumziko yake kwa Kifaransa. "Njo vile ba champions banafanyaka. Inamalizaka uchovu."

"Kama ni uchovu, miye najua dawa yake."

Hakugombana naye. Kwetu mtu hagombani na mwalimu wa mtoto. Humngoja amalize, kisha hutengua. Alinitoa, akanikanda kwa maji ya moto aliyoyaomba kwa mlinzi, akanifunga vitenge viwili, akafunua sufuria: bukari, yaani ugali wetu, samaki, na matembele ya mawese. Kocha alikuwa amesema lazima nile ndani ya nusu saa, kwa hiyo hapo walikubaliana, ingawa kocha alikuwa ameniletea ndizi moja tu. Nikala ndizi kwa heshima ya kocha, na bukari kwa heshima ya mama. Tangu tonge la tatu nilijua ninakosea. Lakini mama alikuwa ameamka alfajiri kunisongea, na alikuwa ananitazama, basi nikamaliza.

Saa nane nikaruka majini na bukari yangu. Nikafika wa mwisho. Wenzangu waling'ang'ania ukingo wa bwawa wakihema. Mimi nilipumua vizuri, nimeshiba, nina joto. Nililia kwa hasira, uso nikiuficha majini ili watu wasione.

Mama alishuka kutoka jukwaani amejaa fahari, akaninyooshea kitenge.

"Nyamaza, mwana yangu. Uliona bale benye balishinda? Balichoka vibaya. Weye haukuhema hata kidogo."

Kocha, kwa mara ya pili siku ile, alikubaliana naye. Kinshasa sijafika hadi leo.